Darasa la ustawi wa jamii limejaa madada. Wavulana mko wapi?

Hebu fanya hesabu ndogo. Siku ukiwa na muda, simama karibu na lango la chuo chochote kinachofunza kozi ya ustawi wa jamii. Viko vingi tu: katikati ya jiji la Nairobi kwenye zile orofa za juu ya maduka ya simu, Nakuru, Eldoret, Kisumu, Thika. Ngoja darasa litoke. Hesabu wanafunzi kumi wa kwanza, kisha ujiulize wanaume ni wangapi.

Sitakuharibia hesabu yako. Ila nakubashiria kwamba vidole vya mkono mmoja vitatosha, na huenda vingine vikabaki.

Na si Kenya pekee. Marekani, utafiti uliowahoji watu waliohitimu ustawi wa jamii kati ya 2017 na 2019 uligundua kwamba asilimia 90 walikuwa wanawake. Uingereza nako, zaidi ya asilimia 80 ya wanaofanya kazi hii ni wanawake. Kwa hivyo ukiona darasa la Kenya limejaa madada, usidhani ni mambo ya chuo kimoja.

Najua unachofikiria sasa. Kwani iko nini? Madada wanapenda kusaidia watu, maboyz wanapenda kompyuta na pesa, kila mtu ashike lake. Shikilia hapo kwanza. Hawa wanafunzi wakimaliza ndio watakaobisha mlango wa jirani yako mtoto akipigwa hadi usiku. Ndio watakaoandika ripoti ya kumwambia hakimu mtoto akae na nani. Ukijua ni nani ameketi darasani leo, unajua ni nani atakuja kwenu kesho. Na unajua pia ni nani hatakuja.

KAZI YENYEWE NI GANI?

Tuanzie hapa, maana wengi wetu tunaichanganya na kazi ya kugawa unga ukipigwa picha. Mtu wa ustawi wa jamii si mfadhili. Mara nyingi hana hata pesa ya kugawa. Kazi yake ni kujua msaada uko wapi, nani anastahili, sheria inasema nini, na kukaa na mtu hadi jambo lifike mwisho.

Mtoto akipiga simu ya bure ya 116, au jirani akimpigia, lazima kuwe na mtu upande wa pili wa kusikiliza, halafu mwingine wa kutoka kwenda kuona. Mgonjwa akikwama hospitalini kwa sababu familia haina pesa ya kulipa, au akiletwa na polisi bila kitambulisho wala jamaa, kuna ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini inayoanza kuuliza maswali. Shosho wa miaka 70 anayetaka kuingia kwenye mpango wa Inua Jamii apate ile Sh2,000 kwa mwezi, lazima mtu amwandikishe na kuhakikisha kwamba yuko hai na kwamba pesa zinamfikia yeye, si mjukuu mjanja. Kijana aliyehukumiwa kifungo cha nje anaripoti kwa afisa wa uangalizi.

Na kuna kazi mpya inakuja, kubwa. Mwaka 2022 serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuwatoa watoto kwenye makao ya watoto na kuwarudisha kwa familia. Mwaka huo huo Sheria ya Watoto ya 2022 ilichukua nafasi ya ile ya 2001. Maana yake kwa lugha ya mtaa ni kwamba mtoto aliyelelewa makaoni Nairobi huenda akarudishwa kwa mjomba wake Siaya au Kitui. Lakini nani atamtafuta huyo mjomba? Nani atakaa naye chini ya mwembe na kujua kama kweli anamtaka mtoto, au anataka kijakazi wa kuchunga ng'ombe? Huyo ndiye yule mwanafunzi uliyemhesabu langoni.

NANI YUKO DARASANI?

Jinsia ndiyo inaonekana haraka, lakini darasa lina mengi zaidi. Ukikaa na wanafunzi hawa kantini utaona makundi yanajirudia chuo baada ya chuo.

Wa kwanza ni yule wa gredi ya kati. Katika KCSE ya 2024, watahiniwa walikuwa 962,512. Waliopata C+ kwenda juu, ile ya kuingia chuo kikuu moja kwa moja, walikuwa 246,391. Toa hesabu mwenyewe: zaidi ya laki saba walibaki nje ya lango la digrii. Ustawi wa jamii ni moja ya kozi zinazowafungulia mlango hawa. Ukiwa na C- unaingia diploma. Ukiwa na D wazi unaanza na cheti kisha unapanda ngazi. Hili si jambo la kuonea aibu. Kumsikiliza mama aliyefiwa hakukuwa kwenye karatasi ya kemia.

Wa pili ni mama ambaye tayari anaifanya kazi. Ana miaka 35, 40, wakati mwingine zaidi. Amekuwa mhudumu wa afya ya jamii mtaani kwa miaka, au ndiye mweka hazina wa chama, au kanisani ndiye anayetumwa kwa kila nyumba yenye matanga. Anajua ni mlango gani una njaa na ni upi una mlevi. Amekuja chuoni kutafuta karatasi ya kuthibitisha anachokijua. Mwaka 2023 serikali ilipowapa wahudumu hawa mabegi na simu nchi nzima, posho ilikuwa Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka kaunti na nusu kutoka serikali kuu. Kwa hiyo pesa anajilipia karo. Wewe unayelalamika kuhusu bando, tafakari hapo.

Wa tatu ni yule ambaye maisha yenyewe yalimleta. Alilelewa na shosho baada ya wazazi kufariki. Au alisomeshwa na mradi fulani, akaona jinsi afisa mmoja alivyobadilisha mambo nyumbani kwao. Au pia aliona jinsi afisa alivyowadharau, akaapa kuifanya vizuri zaidi. Wengi wa kundi hili ni wa kwanza kwao kukanyaga chuo. Hili nalo si letu peke yetu; katika utafiti ule wa Marekani, karibu nusu ya waliohitimu walikuwa wa kwanza katika familia zao kupata elimu ya chuo.

Wa nne ni aliyeletwa na mfumo. Alijaza nafasi zake kwenye tovuti ya KUCCPS akitaka sheria au uanahabari, kompyuta ikamrushia hii. Mwaka wa kwanza ananuna. Mwaka wa pili anaenda nyanjani, anarudi akiwa mtu mwingine. Ama anahama kozi.

Sasa angalia ambao hawako. Wavulana wachache, tumesema. Lakini pia tafuta mwanafunzi kiziwi, au hata anayesikia ila anaweza kuzungumza kwa lugha ya ishara. Tafuta anayetoka Turkana, Mandera au Tana River, anayeweza kuketi na wazee wa huko bila mkalimani. Tafuta aliyewahi kulala barabarani utotoni, anayejua kona zote ambako chokoraa hujificha mvua ikinyesha. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya 900,000 wenye ulemavu wa aina moja au nyingine. Hao wote wana haki ya kuhudumiwa na mtu wanayeelewana naye. Darasa letu linafanana kidogo sana na foleni ya watu wanaongoja nje ya ofisi.

HAIKUWA HIVI MWANZO

Ukimwambia mtu kwamba darasa limejaa wanawake atakujibu kwamba ndivyo maumbile yalivyo. Mwanamke ameumbwa na huruma. Historia ya Kenya inakataa.

Pale Lower Kabete, mahali palipo leo Chuo cha Serikali, palikuwa na shule iliyoitwa Jeanes School, iliyoanzishwa 1925. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni ilikuwa na maelfu ya Waafrika waliorudi kutoka jeshini, na ikataka watu wa kuendesha kazi za ustawi vijijini. Wale iliowachukua na kuwafunza pale Kabete walikuwa wanajeshi hao waliostaafu. Wanaume. Watu waliokuwa wametoka vitani ndio waliokuwa maafisa wa ustawi, wakifunza kusoma, usafi na michezo. Wanawake walikuja kujengewa njia yao baadaye, hasa kupitia Maendeleo ya Wanawake, iliyoanzishwa miaka ya mwanzo ya 1950.

Ukivuka mipaka utaona hivyo hivyo. Johannesburg kulikuwa na chuo cha Jan Hofmeyr, kilichofunguliwa 1941 kuwafunza Waafrika ustawi wa jamii. Winnie Madikizela, ambaye baadaye aliolewa na Nelson Mandela, alisomea hapo na kuwa mhudumu wa kwanza mweusi wa ustawi wa jamii katika hospitali ya Baragwanath. Hiyo wengi wanaijua. Lakini Joshua Nkomo wa Zimbabwe pia alisomea hapo, akarudi Bulawayo kufanya kazi hiyo kwenye shirika la reli kabla ya kuwa yule mpigania uhuru tunayemsoma. Eduardo Mondlane, aliyekuja kuwa kiongozi wa kwanza wa FRELIMO ya Msumbiji, naye alipitia chuo hicho. Hakuna aliyewauliza kama wamekosa kozi za wanaume.

Kwa hivyo tuache kusingizia maumbile. Kuna kilichobadilika, na kinaweza kutajwa kwa jina.

MBONA WAVULANA HAWAJI?

Sababu ya kwanza ni pesa, na tusizungushe. Mtoto wa kiume akimaliza shule, nyumba nzima inamwangalia mfukoni. Akisema anaenda kusomea ustawi wa jamii, buda anauliza inalipa ngapi. Nafasi za serikali ni chache na hukaa miaka bila kutangazwa. Nyingi zilikuwa kwenye mashirika ya wafadhili, na hizo ni za mkataba wa mwaka mmoja, miezi sita, hata mitatu. Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huo USAID ikafungwa kabisa. Miradi ya watoto mayatima na ya HIV ndiyo ilikuwa imewaajiri wengi wa watu hawa. Kijana aliyeona binamu yake akirudi nyumbani na barua ya kuachishwa kazi hawezi kukimbilia kozi hiyo hiyo.

Ila fikiria jambo moja. Wanawake wanaingia darasani wakijua mshahara ni huo huo mdogo. Hawajapofuka. Tumezoea tu kwamba mwanamke anaweza kufanya kazi ngumu kwa malipo kidogo na tukamsifu kuwa ana moyo. Moyo haulipi kodi ya nyumba. Kazi ikilipwa vizuri wavulana watakuja, ndiyo, lakini sababu ya kwanza ya kuilipa vizuri ni wale ambao tayari wako.

Sababu ya pili ni jina. Mtaani ukisema unasomea jinsi ya kuongea na watu wenye shida, utaitwa mama mlezi. Vijana tunalelewa tukiambiwa mwanaume halii, kisha tunashangaa mwanaume hataki kazi ya kukaa na anayelia. Shule nyingi za wavulana zikiandaa siku ya taaluma zinaleta mhandisi, rubani, mwanajeshi na wakili. Ni lini umesikia zikileta afisa wa watoto?

Sababu ya tatu watu huizungumza kwa sauti ya chini. Mwanaume anayetaka kufanya kazi na watoto anashukiwa. Mzazi anajiuliza, huyu anataka nini na watoto wa watu? Sitasema hofu hiyo haina msingi, maana sote tumesikia kesi za watu waliopewa watoto walinde wakawadhuru. Lakini dawa ya hofu hiyo inajulikana: ukaguzi wa rekodi ya polisi kabla ya kuajiri, kutomwacha mtu mzima mmoja na mtoto kwenye chumba kilichofungwa, na njia ya wazi ya mtoto kuripoti. Sheria hizo zinafaa kumbana kila mtu, mwanamke na mwanaume. Ukitumia jinsia kama ndiyo ukaguzi, utamfungia nje mwanaume mwema na kumwachia nafasi mwanamke mbaya.

KWANI KUNA SHIDA GANI?

Utafiti wa kitaifa wa 2019 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulipata kwamba karibu nusu ya wasichana, na zaidi ya nusu ya wavulana, walipitia ukatili wa aina fulani kabla ya kufika miaka 18. Upande wa ukatili wa kingono, wasichana waliumizwa zaidi, karibu asilimia 16, lakini wavulana nao walikuwa zaidi ya asilimia 6. Utafiti mwingine, ule wa afya na idadi ya watu wa 2022, uliuliza watu wazima. Asilimia 34 ya wanawake walisema wamewahi kupigwa au kuumizwa kimwili tangu wakiwa na miaka 15. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 27. Zaidi ya mwanaume mmoja kati ya wanne.

Sasa jiulize, hao wanaume humwambia nani?

Chukua mvulana wa miaka 14 aliyeumizwa na mtu wa ukoo. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inamlinda sawa na dada yake. Lakini ili sheria ianze kutembea, lazima afungue mdomo. Kuna mvulana atakayefunguka haraka kwa mwanamke, kwa sababu aliyemuumiza ni mwanaume na hataki kuona mwanaume karibu. Kuna mwingine ambaye hatawahi kumtamkia mwanamke maneno hayo hata umkalishe wiki nzima. Huwezi kujua mapema ni yupi. Ofisi yenye wanawake watupu inamhudumia wa kwanza na kumpoteza wa pili, na hata haitajua imempoteza, maana hakuna faili ya mtu ambaye hakusema.

Au chukua yule mjomba wa Kitui. Afisa dada wa miaka 24 anafika, mwerevu, na vyeti vyake. Wazee wanamkaribisha chai, wanamwita "binti yangu", wanamwambia kila kitu kiko sawa. Si kwamba hawezi kazi. Wengi wao wanaiweza sana, na wamejifunza kupitia kwa akina mama jikoni, ambako ukweli husemwa. Lakini angekuja na mwenzake wa kiume, mmoja jikoni na mmoja kwa wazee, ziara moja ingefanya kazi ya tatu.

Naomba usinielewe vibaya. Sisemi wanaume ni bora. Nasema anayehitaji msaada anafaa kuwa na chaguo. Msichana aliyedhulumiwa ana haki ya kumpata mwanamke. Kiziwi ana haki ya kumpata anayejua ishara. Mvulana naye apate nafasi ya kuchagua.

WAKIJA, WASIPANDISHWE KWA LIFTI

Kuna mtego mmoja lazima tuuseme. Mwaka 1992 mwanasosholojia Mmarekani Christine Williams aliandika kuhusu wanaume walio kwenye kazi zilizojaa wanawake: uuguzi, ualimu wa shule za msingi, ukutubi na ustawi wa jamii. Aligundua kwamba badala ya kuzuiwa, walisukumwa juu upesi, kana kwamba wamekanyaga ngazi ya umeme. Wengine walikuwa hata hawataki, lakini wakubwa waliwaona wanafaa ofisi kuliko wodi.

Hapa kwetu usiende mbali. Tembelea shirika lolote mtaani. Walioko nyanjani kwenye matope ni akina dada. Angalia ukutani picha ya mkurugenzi.

Kwa hivyo tukiwaita wavulana darasani, tuwaite kwenye kazi yenyewe. Waende nyumba kwa nyumba, wakae na mtoto, waandike faili na wapande matatu kurudi. Mwanaume akija kwenye kozi akitafuta njia ya mkato ya kuwa bosi wa wanawake, tutakuwa tumeongeza idadi na kupoteza maana.

NAULI NDIYO INACHUJA WATU

Jambo linaloamua sura ya darasa kuliko hotuba zote ni atachi. Mafunzo ya nyanjani ni lazima. Huwezi kuhitimu ustawi wa jamii bila kukaa miezi kadhaa kwenye ofisi, hospitali au mradi, ukifanya kazi kila siku. Na mara nyingi hulipwi kitu. Wewe ndiye unayelipa: nauli, chakula cha mchana, data ya kutuma ripoti, viatu vinavyoisha soli kwa kutembea.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, pesa ikiwa sababu kubwa, kwa hivyo hesabu hii naijua bila kalkuleta. Tuseme unatoka Kayole hadi Kibera kila siku. Matatu mbili kwenda, mbili kurudi. Zidisha kwa siku tano, zidisha kwa miezi mitatu. Sasa weka kando ya hiyo pesa ambayo ungepata kwa mjengo au kwa boda siku hizo hizo. Kijana wa kiume anayetegemewa nyumbani anapiga hesabu mara moja na kuondoka. Mama mwenye watoto wawili anapiga hesabu hiyo hiyo, anaongeza ya kumlipa anayeangalia mtoto, na yeye pia anaondoka, ama anabaki akikopa. Anayemaliza bila jasho ni yule aliye na mtu nyuma yake. Ndiyo maana watu wa makundi yale niliyotaja, wanaojua shida kwa kuiishi, ndio huanguka njiani.

Ukitaka darasa linalofanana na mtaa, anzia hapo. Kaunti na hazina za maeneobunge hutoa basari kwa karo, na muhula wa atachi unaachwa uchi. Posho ndogo ya nauli tu ingebakisha watu. Kisha utaratibu wa kutambua ujuzi wa mtu bila kujali alikoupata, ambao tayari umeanza nchini kwa mafundi, ungemfaa sana yule mama wa miaka 40 aliyefanya kazi hii miaka 15. Asianzishwe kama mtoto wa jana. Na lugha ya ishara ifunzwe kila mwanafunzi, hata kama ni ya kusalimia, kuuliza umri na kuuliza "nani amekuumiza".

UKITAKA KUINGIA

Labda umesoma hadi hapa kwa sababu uko na C- yako mkononi na unajiuliza. Sitakudanganya kwamba utatajirika. Lakini kazi yenyewe haiishi: sheria mpya iko, mkakati wa kuwarudisha watoto nyumbani uko, na mitaa inazidi kujaa.

Kabla ya kulipa hata shilingi, thibitisha kwamba chuo kimesajiliwa na mamlaka ya TVET, TVETA. Uliza mtihani ni wa nani, KNEC au mitaala mipya ya CDACC, kwa sababu kuna vyeti vya ndani ambavyo waajiri huviangalia na kuvirudisha. Uliza chuo kinakusaidiaje kupata atachi, au kinakupa barua tu na kukwambia Mungu akutangulie. Uliza waliomaliza miaka miwili iliyopita wako wapi sasa. Kama wanakwepa swali hilo, umepata jibu.

Wewe mvulana, ukiingia darasani ukute wenzako wawili kati ya arobaini, usikae nyuma kama mgeni. Na usikubali kuwa ndiye unayetumwa kubeba viti na kuchaguliwa kiranja siku hiyo hiyo. Wewe dada, ambaye umeifanya kazi hii iwepo kwa miaka yote ambayo wengine waliiona duni, dai ilipwe.

Na wewe ambaye hutaki kozi yoyote, hifadhi nambari mbili kwenye simu sasa hivi: 116 kwa jambo la mtoto, 1195 kwa dhuluma za kijinsia. Zote ni za bure. Mvulana akikwambia kitu usiku huu, usimwambie awe mwanaume. Mpe simu.